Baharia aliyevuta chelezo cha majeruhi usiku kucha kwa kamba kiunoni: ushujaa, mazoezi au woga tu?

#1 Mchana Kweupe
Wakuu, kwema?

Kuna baharia mmoja Mmarekani mweusi, Charles Jackson French, kisa chake kinanikosesha usingizi. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Septemba 1942, karibu na Guadalcanal, Visiwa vya Solomon, meli yake USS Gregory ilichakazwa na manowari za Wajapani. French hakuwa mpiga mzinga wala mzamiaji. Alikuwa mhudumu wa mesi: kuandalia maofisa chakula, kuondoa sahani, kufua mashuka yao. Umri miaka 22.

Meli ikiwa inazama, akakusanya majeruhi wapatao 15 akawapandisha kwenye chelezo. Mkondo ukaanza kuwasukuma kuelekea ufukwe walioushika Wajapani. Jamaa akavua nguo, akajifunga kamba kiunoni, akajitosa, akaanza kuvuta. Wanasema masaa 6 hadi 8, kwenye maji yenye papa. Kulipokucha boti ya Wamarekani ikawaokota.

Maswali yangu mawili. Kwanza, mtu anapata wapi nguvu hiyo? Pili, kwa nini aliambulia barua ya pongezi tu, nishani ikaja 2022 wakati mwenyewe alishafariki tangu 1956?

#2 Kobe Mzee
Nipo siti ya mbele. Shusheni madini.

#3 Fundi Injini
Kwa heshima zote mleta uzi, hii imetiwa chumvi. Watu 15, weka kilo 70 kila mmoja, hiyo ni tani moja na ushee kabla hujaongeza chelezo chenyewe kilicholowa. Mtu mmoja avute hayo masaa nane? Hata trekta linazima.

#4 Kasia Moja
Fundi, unachanganya kubeba na kuvuta. Kitu kinachoelea, uzito wake umebebwa na maji. Unachopambana nacho ni ukinzani wa maji, na ukienda polepole ukinzani unakuwa mdogo mno. Nimefanya kazi melini miaka mingi. Mashua ya tani kadhaa nimeisogeza kwa mguu mmoja nikiwa nimekaa gatini. Inaanza kwa uvivu, ikishaanza inakwenda.

Halafu hakuna aliyesema alikwenda kilomita 20. Kazi ilikuwa kuzuia mkondo usiwafikishe ufukweni. Ukivuta masaa yote ukabaki palepale ulipoanzia, umeshinda.

#5 Fundi Injini
@Kasia Moja hapo kwenye kubaki palepale nimekuelewa. Lakini masaa nane bado yanabaki masaa nane. Nani alikuwa na saa?

#6 Msoma Kumbukumbu
Swali zuri kuliko unavyodhani, Fundi.

Barua ya pongezi aliyopewa 1943, iliyotoka kwa Admirali Halsey, inazungumzia kuogelea kwa zaidi ya masaa mawili bila kupumzika. Masaa 6 hadi 8 yanatoka kwenye simulizi za walionusurika, hasa Robert Adrian, afisa kijana aliyekuwa juu ya chelezo kile kile akiwa amejeruhiwa. Adrian ndiye aliyekisimulia redioni NBC mwaka huohuo wa 1942. Kwa hiyo tuna karatasi inayosema "zaidi ya mawili" na shahidi anayesema usiku kucha. Zaidi ya mawili inaweza kuwa mawili na nusu, inaweza kuwa saba. Karani wa jeshi huandika kile ambacho hataulizwa.

Na mleta uzi, umeruka sehemu inayouma. Gregory na meli mwenzake Little hazikupatikana kwa ujanja wa Wajapani. Manowari za Kijapani zilikuwa zinapiga mizinga kuelekea nchi kavu. Rubani wa Jeshi la Majini la Marekani aliona mimweko akadhani ni nyambizi, akadondosha fataki za kuangazia karibu kabisa na meli zake mwenyewe. Zikaanikwa peupe. Gregory ilikuwa kikongwe cha 1918 kilichogeuzwa kuwa meli ya kubeba askari, haikuwa na ubavu wa kupigana na manowari tatu. Ndani ya dakika chache imekwisha.

#7 Binti Machweo
Jamani. Yaani wamulikwe na wa kwao?

#8 Msoma Kumbukumbu
Ndiyo. Na meli ilipokufa, Wajapani wakaendelea kuwafyatulia watu walioko majini. Ndiyo maana kule ufukweni hakuna aliyetaka kwenda kujaribu bahati.

#9 Daktari wa Zamu
Nijibu swali la kwanza la mleta uzi kwa upande wa mwili.

Bahari ya Solomon ni ya joto, nyuzi 28 hivi. Maji hunyonya joto la mwili haraka sana kuliko hewa, mara 25 hivi, lakini kwa nyuzi 28 mtu mwenye afya anayejishughulisha anadumu masaa mengi. Kisa hikihiki kikihamishiwa bahari ya nyuzi 5 kinaisha vingine: dakika ya kwanza pumzi inakatika kwa mshtuko, baada ya kama dakika kumi mikono na miguu haikusikii tena, hata uwe bingwa wa kuogelea. French alikuwa na bahati ya maji.

Jingine, hakuwa amejeruhiwa. Wengi waliokuwa naye walikuwa na vipande vya chuma mwilini. Kati ya wote pale, mwenye viungo vizima alikuwa yeye. Wakati mwingine ushujaa huanza na swali dogo tu: nani mwingine anaweza?

#10 Zege Halilali
Doctor umeongea kisomi, ila mimi nasema ni woga. Sio kumtukana marehemu. Inasemekana Adrian alimwambia haiwezekani, papa watamla, na yeye akajibu kwamba anawaogopa Wajapani kuliko papa. Sasa huyo si mtu aliyechagua woga mdogo akaukimbia mkubwa? Hata mimi nikifukuzwa na simba naruka ukuta ambao kesho sitauweza.

#11 Binti Machweo
@Zege Halilali ukifukuzwa na simba utaruka ukuta peke yako. Hutarudi kubeba watu 15.

#12 Zege Halilali
😂😂 Binti umeniua. Lakini hoja yangu ipo.

#13 Kobe Mzee
Mimi hata bafuni naoga nimeshika ukuta. Endeleeni.

#14 Nanga Nzito
Zege, nimevaa gwanda miaka mingi, upande wa maji. Naomba niseme kidogo.

Watu wanadhani askari anajitosa kwa sababu haogopi. Anajitosa kwa sababu alishafanyishwa mpaka mwili ukazoea. Mtu akianguka melini, wa kwanza aliyemwona anapiga kelele ya mtu kaanguka baharini, anarusha boya, halafu anamnyooshea kidole na HAONDOI macho wala kidole mpaka aambiwe. Kazi yake ni hiyo tu. Kichwa cha mtu kwenye mawimbi ni kidogo kuliko unavyofikiri, ukipepesa macho umempoteza. Nahodha anageuza meli kwa mzunguko maalum unaomrudisha kwenye njia yake aliyotoka nayo. Hakuna anayejitosa hovyo. Anayeingia majini ana jaketi, ana kamba, na kuna watu wameishika kamba ile.

Niliwahi kumtoa mtu. Mawimbi ya kiasi, mchana, vifaa vyote vipo. Kilichonishangaza ni ukimya. Nilikuwa nategemea makelele na kupunga mikono kama kwenye sinema. Jamaa alikuwa amesimama wima majini, kichwa nyuma, mdomo unazama unaibuka, mikono inabonyeza maji pembeni kama anapanda ngazi isiyokuwepo. Macho yako wazi lakini hayanioni. Nilipomfikia kwa mbele, kosa ambalo tulishafundishwa tusifanye, alinikumbatia shingo tukazama wote. Nikashuka chini zaidi kwa makusudi, akaniachia, nikamzunguka nyuma nikamdaka kwapani.

Sasa French hakuwa na lolote la hayo. Usiku, risasi, hana mtu wa kushika upande wa pili wa kamba isipokuwa majeruhi. Mimi nilipewa pongezi kwa kufanya nusu ya robo ya hiyo kazi nikiwa na meli nzima nyuma yangu.

#15 Daktari wa Zamu
@Nanga Nzito umeeleza vizuri ile hali. Anayezama hawezi kuita, maana mdomo ukitoka juu ya maji kwanza unatafuta hewa. Huwa inachukua kama sekunde 20 hadi 60 kabla hajatoweka. Anayepiga kelele na kupunga bado ana muda kidogo. Wa kukimbilia kwanza ni aliyenyamaza.

#16 Mchana Kweupe
Mkuu Nanga shukrani. Kwa hiyo wewe unasema ni mazoezi?

#17 Nanga Nzito
Kwangu mimi ni mazoezi. Kwake yeye siwezi kusema, maana wahudumu wa mesi walifundishwa zaidi kuweka meza kuliko kuokoa watu. Ingawa alikuwa mzoefu: aliingia jeshini 1937, akatumikia USS Houston, akaacha 1941, na siku chache baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor akarudi kwa hiari. Houston yenyewe ilizama Machi 1942 yeye akiwa hayupo. Hilo huwa nalifikiria. Mtu ambaye meli yake ya zamani imeondoka na rafiki zake, halafu ya pili inazama mbele ya macho yake.

#18 Fundi Injini
Hapo sasa. Hasira. Hiyo naikubali kuliko zote zilizotajwa.

#19 Mwana Mkiwa
Mimi nakuja na upande ambao hamtaupenda. Rafiki yangu wa utotoni alijitosa kumwokoa kijana asiyemfahamu. Kijana aliokolewa na watu wa boti. Rafiki yangu hakurudi. Kila nikisoma nyuzi za ushujaa najiuliza ni wangapi walifanya kilekile wakazama, hawakuandikiwa hata mstari. Tunawahesabu waliofaulu tu.

Fimbo, kamba, dumu tupu lililofungwa kifuniko, chochote kinachoelea kitangulie. Kujitosa kuwe cha mwisho kabisa.

#20 Binti Machweo
Pole sana ndugu yangu.

#21 Nanga Nzito
Pole mkuu. Na uko sahihi kwa mpangilio huo. Ndivyo tunavyofundisha.

#22 Papa Mtulivu
Nimeitwa? Mbona mnatusingizia papa 😂

Tuwe wakweli, papa wanakuzwa kwenye hizi stori. French mwenyewe inasemekana aliwahisi wakimgusa miguuni wakapita zao. Wengi wao wanachunguza tu.

#23 Msoma Kumbukumbu
@Papa Mtulivu kawaambie hivyo wa USS Indianapolis, manowari ya Marekani iliyozamishwa na Wajapani. Julai 1945, watu takriban 1,195 melini, kama 900 wakaingia majini wakiwa hai, walionusurika 316. Papa walikuwa sehemu ya vifo hivyo, ingawa kiu, jua, majeraha na kunywa maji ya chumvi viliua wengi pia. Lakini wale walikaa siku nne. French alikaa usiku mmoja, na alikuwa anaogelea muda wote.

#24 Zege Halilali
Turudi swali la pili la mleta uzi, mbona mnalikwepa? Ubaguzi. Uzi ufungwe.

#25 Msoma Kumbukumbu
Ubaguzi upo, hauna mjadala. Mpaka katikati ya 1942 mtu mweusi akijiunga na Jeshi la Majini la Marekani kazi iliyokuwa wazi kwake ni mesi. Ubaguzi wa vitengo ulipigwa marufuku kwa amri ya Rais Truman, 1948. Ipo pia simulizi iliyotoka kwa French mwenyewe, kwamba baada ya kuokolewa walitaka kumpeleka kambi ya weusi, na wale aliowavuta, wakiwa bado wachafu wa mafuta, wakakataa katakata asitengwe nao.

Lakini usifunge uzi mapema. Doris Miller, naye mhudumu wa mesi mweusi, alipewa Navy Cross, nishani ya juu ya ushujaa ya Jeshi la Majini, Mei 1942 kwa aliyoyafanya Pearl Harbor. Miezi mitatu na ushee tu kabla ya French. Mlango ulikuwa umeshafunguka hata kama ni kwa msukumo wa magazeti. Kwa nini Miller apate, French asipate?

#26 Zege Halilali
Kwa sababu mmoja alishawatosha. Walishapata picha yao ya gazetini.

#27 Kasia Moja
Au kwa sababu ya kawaida kabisa: nishani huanza na mkuu wako kukuandikia. Nahodha wa Gregory, Luteni Kamanda Harry Bauer, alifia palepale. Alikuwa amejeruhiwa vibaya, wawili wanamsaidia majini, akasikia baharia mwingine analia kuomba msaada, akawaamuru wamwache waende kwa huyo. Hakuonekana tena. Huyo ndiye angekaa mezani kuandika kuhusu French.

Kwa maoni yangu huyu naye anastahili uzi wake. Kujitosa ni jambo moja. Kumwondoa kwako mtu anayekushikilia ni jingine.

#28 Binti Machweo
Huyo Bauer amenitoa machozi.

#29 Mchana Kweupe
@Kasia Moja lakini Adrian alikuwa hai na alikuwa afisa. Alikwenda mpaka redioni.

#30 Kasia Moja
Afisa wa ngazi ya chini kabisa, na yuko hospitali. Redio haina fomu ya kujaza.

#31 Ndoano
Mmesahau John F. Kennedy, yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Agosti 1943, visiwa vilevile vya Solomon, boti yake PT-109 ikapasuliwa katikati na manowari ya Kijapani Amagiri. Akamvuta mwenzake aliyeungua, mkanda wa jaketi la mgonjwa kaung'ata kwa meno, kama masaa manne mpaka kisiwani. Alipewa Navy and Marine Corps Medal 1944. Sasa nishani aliyopewa French 2022 ni ipi? Ileile. Mmoja mwaka mmoja, mwingine miaka 80.

Mmoja baba yake alikuwa balozi Uingereza, mwingine yatima wa Arkansas aliyelelewa na dada yake Omaha. Hesabu hiyo haihitaji kikokotoo.

#32 Msoma Kumbukumbu
@Ndoano mfano mzuri, ongeza jambo: nishani hiyo ilianzishwa Agosti 1942, hata mwezi haujaisha kabla ya Gregory kuzama. Na imewekwa kwa ushujaa usio wa kupambana na adui moja kwa moja. Kwa hiyo kuna wanaosema hata hiyo ya 2022 ni ndogo, maana kuvuta watu huku adui anafyatua risasi ni vita, na stahiki yake ilikuwa Navy Cross.

Pia Kennedy na wenzake hawakujiokoa wenyewe mpaka mwisho. Waliopatanisha mambo ni wenyeji wawili wa Solomon, Biuku Gasa na Eroni Kumana, waliopiga kasia kwenye maji ya adui wakiwa na ujumbe uliochongwa kwenye kifuu cha nazi.

#33 Papa Mtulivu
Wenyeji kama kawaida wanatajwa mwisho, kwenye mstari wa "pia".

#34 Msoma Kumbukumbu
😀 Nimewataja lakini.

#35 Fundi Injini
Nimerudi kusoma. Nina jingine. Kwenye taarifa za Gregory nimekuta kwamba waliokufa ni 11 tu, na mabaharia sita waliogelea usiku huohuo mpaka Guadalcanal. Majina yao mbona hayaimbwi? Kwa hiyo French hakuwa peke yake majini akifanya maajabu.

#36 Nanga Nzito
Fundi, hao sita walikuwa wanajiogelea wenyewe. Kazi kubwa, simdharau mtu. Ila French angeweza kuwa wa saba, na hakuna ambaye angemuuliza kesho yake.

#37 Fundi Injini
Hapo sina jibu. Kwenye masaa nane bado nipo palepale.

#38 Kobe Mzee
Swali la mjinga: siku hizi majeshi yanasubiri mhudumu wa mesi ajitokeze au kuna watu maalum?

#39 Nanga Nzito
Wapo, na kisa cha kuwepo kwao ni kibaya. Februari 1983 meli ya makaa ya mawe Marine Electric ilizama nje ya Virginia, maji karibu nyuzi 4. Helikopta ya walinzi wa pwani ilifika, ikashusha kikapu, watu wako chini wanakiona na hawawezi kukishika. Vidole havifanyi kazi tena, ndiyo yale ya Daktari pale #9. Muogeleaji wa Jeshi la Majini, James McCann, akashuka akahangaika nao mmoja mmoja mpaka akaishiwa nguvu. Kati ya 34 walipona watatu. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likawalazimisha walinzi wa pwani wawe na waogeleaji wao wa uokoaji.

#40 Daktari wa Zamu
Na wakishawafikia wanajitahidi kuwatoa wakiwa wamelala, wasiwavute wima. Mtu aliyekaa sana kwenye maji, hasa ya baridi, shinikizo la maji ndilo linalomsaidia kuweka damu sawa. Ukimnyanyua wima ghafla damu inashuka miguuni, moyo unasimama akiwa ameshaokolewa. Ndugu wanaona amefia mikononi mwenu.

#41 Mchana Kweupe
Hii ya #40 sikuwahi kuisikia. Asante.

Kwa wanaouliza: bwawa la mafunzo ya waogeleaji wa uokoaji kambi ya San Diego lilipewa jina la French Mei 2022, siku ileile ya nishani. Na Januari 2024 walitangaza manowari itakayoitwa USS Charles J. French.

#42 Zege Halilali
Wakati yuko hai, barua. Amekufa, bwawa na manowari. Haya.

#43 Binti Machweo
Nanga Nzito, nina swali la kweli kabisa. Kamba kiunoni si hatari? Chelezo kikizama kinakuvuta.

#44 Nanga Nzito
Hatari sana. Kamba ya kiunoni inapanda mbavuni na kukubana pumzi, na ukizimia inakukunja katikati kichwa kinaingia majini. Sisi tunafunga mkanda kifuani, chini ya kwapa, wenye pini ya kufunguka kwa mkono mmoja. Ikibidi uokoe mtu na huna mkanda, funga kamba kwenye boya ushike boya lenyewe, uweze kuliachia.

#45 Kasia Moja
Naongeza kwa Nanga: na kamba iwe ya kuelea. Ya kuzama inajisokota miguuni usiku huoni kitu.